Unapikia Watu Wangapi

Mume wangu alikuwa mtu wa msituni, mimi mtu wa milimani. Yeye alizaliwa Walikale, ambako mti hukatwa ili jua lipate kufika chini. Mimi nilizaliwa Karuba, kwenye malisho na mashamba ya maharagwe, ambako kila mti una mwenyewe na majirani wote wanajua nani aliupanda. Alipanda kuja huku kwetu Masisi akiwa kijana, akapata kazi ya useremala katika shamba la Mzungu mmoja upande wa Muheto. Alitengeneza milango, vitanda na masanduku ya kubebea pareto. Mimi na dada zangu tulikwenda huko kuchuma maua ya hiyo pareto, na ndivyo tulivyoonana.

Tulioana muda mfupi baada ya uhuru. Mwenye shamba alifunga nyumba yake, akasema anakwenda kuwaona ndugu zake Ulaya, na hakurudi tena. Wafanyakazi walitawanyika. Sisi tulibaki na nyumba yetu ya udongo, kipande cha shamba, na vyombo vya mume wangu: shoka, tezo, na kisu kilichopinda kama ukucha ambacho aliachiwa na baba yake. Baba yake alikuwa mchongaji wa vinu na mabakuli. Basi mume wangu akashika kisu kile, akarudia kazi aliyoiona nyumbani kwao utotoni.

Nilipenda kumtazama. Alikaa nje, kipande cha mti wa musave kati ya nyayo zake, akakizungusha kidogo kidogo kama mtu anayemenya kiazi cha moto. Akimaliza kuchonga, alisugua kwa majani ya msasa mpaka mti ukawa laini kama shavu la mtoto, kisha akapaka mawese. Harufu ya mawese aliipenda kuliko nilivyoipenda mimi. Alisema ndiyo harufu ya mlango wa mama yake.

Mikono yake ilijua kila kitu isipokuwa kuuza. Kule kwao bakuli lilikuwa na bei moja isiyohitaji maneno: anayelitaka analijaza karanga au mchele, mwenye bakuli anamimina vile vitu kwenye kapu lake, na bakuli linaondoka. Kinu kiliuzwa kwa kuku. Mwiko je? Mwiko hauwezi kujazwa kitu. Kwa hiyo mwiko haukuwa na bei. Ulipewa bure, kama tabasamu la muuzaji.

Soko letu lilikuwa Kitshanga. Tulitoka Muheto umande ukiwa bado juu ya majani na kufika jua likiwa limeshapanda. Mwanzoni mambo yalikwenda. Wanawake walijaza mabakuli maharagwe, nami nikarudi na maharagwe nyumbani, ingawa maharagwe tulikuwa nayo shambani. Nilimwambia tunahitaji pesa ya chumvi, ya sabuni, ya kitambaa. Alikubali kwa kichwa, halafu mwanamke mwingine alipokuja na kapu la maharagwe, akampokea vile vile.

Kisha zikaja sahani nyeupe.

Zililetwa na mchuruzi mmoja, mtu wa upande wa Butembo, aliyefungua duka Kitshanga na kununua lori kuukuu. Alikuwa Mkatoliki wa kweli, na rozari haikutoka mfukoni mwake hata akipima chumvi. Sahani zake zilikuwa za bati, zimepakwa rangi nyeupe yenye kung'aa, na ukingo wa buluu. Alileta na mabakuli yake, na sufuria zake. Ukutani dukani alikuwa ameandika kwa chokaa kwamba bei ni moja na haipunguzwi. Watu waliiheshimu ile bei kama misa.

Siku chache za soko zilitosha. Hakuna mwanamke aliyetaka tena bakuli la mti. Mimi mwenyewe nilizitamani sahani zile, na mume wangu aliliona hilo usoni mwangu. Mabakuli yalijaa chini ya paa, yakakaa huko yakipigwa na moshi. Yeye aliendelea kuchonga mengine.

"Haya unamchongea nani?" nilimuuliza.

"Mukono yangu haijui kukaa," alijibu.

Nilikuwa sokoni peke yangu siku mwanamke mmoja aliposimama mbele yangu na sufuria mpya ya yule mchuruzi. Alikuwa na hasira. Aliiinamisha nione ndani. Weupe wote wa chini ulikuwa umekwanguliwa, na bati jeusi lilionekana.

"Nimekoroga na kijiko ya chuma," alisema. "Tazama. Bwana yangu anasema nimeiharibu. Weye uko na mwiko?"

Nilikuwa nao mmoja, tuliokuwa tunatumia kuwafukuzia mbuzi. Nilimpa. Alitaka kuondoka tu, maana alizoea kwamba mwiko ni wa bure, nami kinywa changu kikasema bei kabla sijaifikiria. Alisimama, akaniangalia, akaiangalia sufuria yake, akalipa.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mume wangu aache mabakuli, achonge miiko.

"Mwiko haina bei," alisema.

"Leo imepata."

Aliicheka ile pesa mkononi mwangu. Lakini kesho yake nilimwona anachagua mti.

Tulipokuwa na rundo zuri nilikwenda dukani kwa mchuruzi. Mume wangu hakutaka kuja. Kwake yeye yule ndiye aliyeyaua mabakuli, na mtu hawezi kwenda kumwomba kiti. Nilimkuta mchuruzi akipanga sabuni. Nilimsalimu, nikamwambia nataka kukaa kwenye baraza lake siku za soko na kuuza miiko.

"Baraza yangu si soko, Mama," alisema.

"Papa, sufuria zako zinakwanguka. Wanawake wanazirudisha?"

Alishusha sauti. "Wawili walirudisha."

"Kila mwenye kununua sufuria kwako akitoka mulangoni, anikute miye na mwiko ya mti. Hatakwangua. Hatarudisha. Atasema sufuria zako iko nguvu."

Alichukua mwiko mmoja, akaupitisha ndani ya sufuria mpya, mbele na nyuma, akisikiliza. Kisha akauliza mume wangu anasali wapi. Nilisema Katoliki kama yeye, ila analala wakati wa mahubiri. Hapo alicheka kwa mara ya kwanza, akanionyesha pembe ya baraza isiyopata mvua.

Mume wangu alianza kuja alipoona mimi narudi mikono mitupu, nimeuza yote. Na alipokuja, biashara ikapata mwendo mwingine. Mwanamke akisimama mbele yetu, yeye hakumwonyesha mwiko wowote. Alimtazama mikono, akamwuliza, "Mama, unapikia watu wangapi?"

Swali lilikuwa na sababu. Bugali wa watu wawili unakorogwa kwa mkono mmoja, kwa mwiko mfupi. Bugali wa nyumba iliyojaa unataka mpini mrefu na ulimi mpana, kwa sababu mpikaji anasimama, anakanyaga chini kwa miguu yote miwili, na kuutumia mgongo mzima. Wanawake walipenda kuulizwa. Walikaa chini wakahesabu: watoto, mama mkwe, shemeji aliyekuja kutembea na kusahau kurudi. Mume wangu alisikiliza kama daktari, halafu akavuta mwiko mmoja kwenye rundo, na ulikuwa ndio wenyewe.

Shida ilikuwa bei. Aliyepikia watu wengi alipunguziwa. Mwiko mkubwa uliokula mti mwingi na siku nzima ya kazi, aliutoa karibu na bure. Mwiko mdogo wa bibi harusi aliufanya ghali.

"Mwenye watu wengi amechoka," aliniambia. "Utamuongezea tena?"

Habari ilitembea sokoni haraka. Baada ya muda hapakuwa tena na mwanamke wa Kitshanga mwenye watoto chini ya kumi. Msichana mmoja, bado wa umri wa shule, alisema anapikia watu ishirini. Mume wangu alimuuliza ni akina nani. Alianza kuwataja, akafika kwa mbwa. Watu kwenye baraza walicheka mpaka mchuruzi akatoka ndani kuona kuna nini. Alipoelezwa alitikisa kichwa.

"Papa," alimwambia mume wangu, "weye unawafundisha watu uongo mbele ya duka yangu. Bei inapaswa kuwa moja."

Mume wangu alianza kukusanya miiko. Njiani kurudi Muheto ndipo tulipogombana. Nilimwambia mchuruzi anasema kweli. Nilimwambia mimi ndiye ninayepanda na kulima ili yeye awahurumie wanawake ambao hata majina yao hatuyajui. Yeye aliuliza, bei ikiwa moja, pesa itamjuaje mtu. Nilisema pesa haitakiwi kumjua mtu, ndiyo maana ni pesa. Tulitembea kilima kizima bila kuongea, yeye mbele, mimi nyuma, na rundo la miiko isiyouzwa likigongana mgongoni mwangu kila hatua.

Siku ya soko iliyofuata alisema ana kazi. Nilikwenda peke yangu. Nilipanga miiko kwa ukubwa, mdogo bei ndogo, mkubwa bei kubwa, na nilipoombwa kupunguza niliwaonyesha ukuta wa mchuruzi wenye maandishi ya chokaa. Wengi hawakujua kusoma, lakini walijua ukuta ule unasema nini. Niliuza. Lakini wanawake walichukua mwiko, wakalipa, wakaondoka. Hakuna aliyekaa chini. Mmoja aliuliza, "Mwenyewe iko wapi leo?" na nilipomwambia amebaki nyumbani alirudisha mwiko, akasema atamngoja.

Ilikuwa miaka mibaya katika milima yetu. Majirani walikuwa wamechomeana nyumba, na barabara za Masisi zilipitiwa na watu waliobeba magodoro na kuku. Kitshanga ilipokea wengi. Mmoja wao alikuwa mwanamke mzee, mrefu, aliyevaa kitambaa kimoja kila siku lakini safi kila siku. Alifika kwenye baraza siku hiyo, akapita miiko yote midogo bila kuiangalia, akachukua ule mrefu kuliko yote. Alishika mpini kwa mikono miwili, akauzungusha hewani, polepole.

Bila kufikiri, nikauliza swali la mume wangu.

"Mama muzee, unapikia watu wangapi?"

Hakuacha kuzungusha. "Mutu moja," alisema. "Ni miye tu."

Nilichukua mwiko mfupi, nikamnyooshea. "Basi hii itakutosha. Ile iko kubwa sana."

"Mukono yangu inajua hii."

Nilimwambia auchukue tu, aende nao. Alishusha mwiko chini na kunitazama kwa ukali, kama mama anayemtazama mtoto aliyeongea vibaya mbele ya wageni.

"Ule mama wa mbele yangu, ulimuambia bei gani?"

Nilimtajia.

"Na miye uniambie ile ile."

Alifungua fundo kwenye pembe ya kitambaa chake na kulipa. Nilidhani ataondoka. Badala yake alikaa kwenye ngazi ya baraza, akaanza kuichunguza miiko yetu mmoja mmoja. Huu ulikuwa mzuri. Huu shingo yake ilikuwa nyembamba, ungevunjika bugali ukiwa mzito. Huu ulichongwa na mtu mwenye haraka. Nilimwambia mume wangu hakuwa na haraka, alikuwa na hasira. Alitaka kujua hasira ya nini, nami nikajikuta namweleza yote, ya bei, ya msichana na mbwa wake, ya kilima tulichopanda bila kuongea. Alicheka mdomo wazi, meno machache. Mtu aliyepoteza kila kitu, na alicheka ugomvi wangu kama ugomvi wa binti yake.

"Mwiko haununuliwi na macho," alisema mwishoni. "Ulete unga. Miye nitaleta kuni."

Siku ya soko iliyofuata nilimsihi mume wangu aje. Nilimwambia kuna mwanamke amelaumu shingo za miiko yake. Hapo alisimama na kutafuta shati.

Yule mama mzee alikuwa ameshafika. Alikuwa amepanga mafiga matatu pembeni ya baraza na kuwasha moto. Ilibaki sufuria. Mchuruzi alikataa katakata kutoa mpya ipigwe masizi, nani angeinunua tena? Mwisho alikumbuka moja iliyoanguka kutoka kwenye lori na kubonyea ubavuni, akaileta yeye mwenyewe, huku akisema anatukopesha na hataki kuiona imekwanguliwa. Mzee alichemsha maji, akanyunyiza unga wa muhogo, akasimama, akakanyaga chini imara, na kuanza kukoroga kwa ule mwiko mrefu.

Sijui niseme nini juu ya jinsi alivyokoroga. Mgongo wake ulinyooka. Alikuwa amepikia watu wengi maisha yake yote, na kwa muda ule ilionekana kama wako nyuma yake wanangoja chakula. Wanawake walisimama. Mmoja akaomba ajaribu, mzee akampa mwiko na kushika mikono yake kumwonyesha pa kukamatia. Kisha mwingine. Bugali ulipoiva tuliukata kwenye yale mabakuli yetu ya mti niliyokuwa nimeyashusha kutoka chini ya paa, na kuongeza maharagwe, na yeyote aliyejaribu mwiko akapata tonge. Mchuruzi alikula amesimama, akaomba jingine.

Mume wangu hakula. Alikuwa amechuchumaa, akitazama kifundo cha mkono wa yule mzee. Kila mwiko ulipopinda, naye alipinda kichwa. Baadaye alikwenda kukaa karibu naye, wakaongea juu ya shingo za miiko mpaka soko lilipokwisha. Miiko yote ilikuwa imeuzwa, na mabakuli kadhaa pia, kwa sababu wanawake waliokula ndani yake waligundua kwamba bakuli la mti halichomi vidole.

Tukirudi nyumbani yeye ndiye aliyeanza kuongea.

"Bei ikae moja," alisema. "Lakini nitauliza."

"Uliza," nilimwambia. "Uliza ili ujue urefu."

Ndivyo tulivyoelewana. Kuanzia siku ile swali lilikuwa la mwiko, na bei ilikuwa ya ukuta. Nilijua kwamba mwanamke mwenye watoto wengi alipoondoka, mara nyingi kulikuwa na kijiko kidogo cha mti ndani ya kitambaa chake, alichotiwa na mume wangu bila kulipa. Nilivichukulia kama mvua, kitu kisichozuilika. Havikututia hasara tusiyoweza kuivumilia, na vilimfanya mume wangu atembee kwenda Kitshanga kama mtu anayekwenda harusini.

Mzee alitupikia kila siku ya soko. Alilala kwenye jiko la watu wengine, mahali panapovuja, na mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza mume wangu alimwambia aje Muheto. Hakusema kwa maneno mengi. Alisema kuna pembe ya nyumba haina mtu. Mzee akauliza ni kazi gani atafanya. Mume wangu akasema atakuwa anagombana na mimi badala yake yeye. Alikuja na mwiko wake, jembe moja, na mto alioushona mwenyewe.

Nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza wakati huo. Watu walikuwa wameanza kutuomba vinu, kwa ajili ya kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, na mume wangu alisema kinu cha kweli kinatoka kwenye mti mgumu wa kwao. Lori la mchuruzi liliteremka Walikale kuchukua mchele na mawese, naye akapanda juu yake. Alikaa huko muda mrefu kiasi kwamba nilianza kumsikiliza kila anayepita njiani. Aliporudi, juu ya lori kulikuwa na vinu, mitwangio, madebe ya mawese, na juu ya yote hayo, ameshika kamba kwa mikono miwili na kufunika kichwa kwa shuka kwa sababu ya baridi, mama yake.

Alikuwa amekuja kumwona mjukuu ambaye alikuwa hajazaliwa. Alishuka, akaniangalia tumbo, akaniangalia uso, akasema milima yetu ina baridi ya kuua kuku. Kisha akaingia jikoni na kumkuta yule mama mzee.

Nilikuwa nikiogopa. Walisalimiana kwa heshima kubwa, wakaulizana habari za njia na za wazima. Halafu mama mkwe akafunua chungu.

"Hii sombe iko bila mafuta," alisema.

"Tumeipika na maziwa," mzee alijibu. "Huku tunapika na maziwa."

"Maziwa ni ya mutoto."

"Na mafuta ni ya mwiko."

Nilitoka nje. Mume wangu alikuwa anapakua vinu pamoja na dereva, nikamwambia awahi ndani, watagombana. Alisikiliza kidogo, akasema nimwache kwanza amalize kazi. Tulipoingia, kinu kipya kilikuwa katikati ya jiko, majani mabichi ya muhogo yamo ndani, na wanawake wale wawili walikuwa wanatwanga kwa zamu, mmoja akiinua mwingine akishusha, kila mmoja akimweleza mwenzake kwa nini anakosea. Mama mkwe aliniona mlangoni, akaninyooshea bakuli.

"Mutoto, tuletee chumvi," alisema. "Na mafuta. Na yale maziwa yenu pia."